Subaru Impreza WRX: mwongozo kamili wa kununua, kutunza na kuendesha

Watu wengi hununua Impreza WRX kwa masikio. Wamesikia ule mngurumo wa vipande vipande ukipita mtaani usiku, wamekumbuka gari za bluu za Safari Rally, na moyo umeshatoa hela kabla mfuko haujaulizwa. Sina ugomvi na hilo. Gari lenyewe ni tamu, na kwa bei yake sokoni huku kwetu ni vigumu kupata lingine lenye turbo, magurudumu manne yanayovuta muda wote, milango minne na buti ya kubebea gunia la mchele. Ugomvi wangu ni na yule aliyetoa senti yake ya mwisho kulinunua, halafu akaanza kutafuta oili ya bei rahisi. Injini hizi hufa kwa oili pungufu, kwa joto na kwa "chipu" za mtaani, yaani kompyuta ya injini kupangwa upya kiholela. Kwa mbio peke yake hufa mara chache sana. Mwongozo huu umeelemea huko kwa makusudi.

Impreza ilitoka Japani mwaka 1992, na WRX ililengwa kwenye rali tangu mwanzo. Kwetu jina liliingia mapema: mwaka 1994 Patrick Njiru wa Kenya alimaliza wa nne kwenye Safari Rally akiwa na Impreza. Colin McRae akashinda Safari ya 1997, Richard Burns akashinda ya 2000, wote na gari hilo hilo. Ila kumbuka kwamba gari la rali lilikuwa na kikosi cha mafundi wakilisubiri kila linaposimama. Lako linamsubiri fundi mmoja, Jumamosi, kama hajaitwa msibani.

Hatua ya kwanza: chagua chesisi, siyo rangi

Ukiingia kwenye soko la Subaru bila kujua herufi za chesisi utauziwa lolote. Herufi hizo ziko kwenye kibao cha gari na kwenye kadi, na ndizo zinazokwambia una injini gani.

GC8 ni ya kwanza, 1992 hadi 2000. Nyepesi, tamu, na sasa ni mzee: kutu, mipira iliyokauka, nyaya zilizoungwaungwa. Mwachie mwenye muda. GDA ni WRX ya kawaida ya 2000 hadi 2007 na GDB ni STI, yaani WRX kali zaidi, ya kipindi hicho. GGA ni ile yenye mgongo mrefu wa stesheni wagoni. Mwaka 2007 zikaja za mlango wa nyuma unaofunguka juu: GH8, inayoitwa S-GT, na GRB, ambayo ni STI. Sedani ya STI ilirudi 2010 kwa jina la GVB. Mwaka 2014 zikaja VAB, yaani WRX STI, na VAG, yaani WRX S4.

Zote hizo kwa soko la Japani, isipokuwa VAG, kwa kawaida zina injini ya EJ20 ya lita 2.0, yenye pistoni nne zilizolala, mbili kulia na mbili kushoto. VAG ina FA20 inayopuliza petroli moja kwa moja ndani ya silinda, inatumia cheni badala ya mkanda wa taiming, na gia zake ni za CVT, yaani otomatiki isiyo na hatua za gia. Usichanganye na EJ25 ya lita 2.5 yenye turbo iliyouzwa zaidi Marekani na Ulaya. Ile inajulikana kwa kuvunja pistoni sehemu ya kushikia ringi, na ukikutana nayo huku, bei yake ishuke au uiache.

Umri nao una sheria yake. Kenya hairuhusu kuingiza gari lililozidi miaka 8 tangu lisajiliwe mara ya kwanza, kwa hiyo anayetaka GDB au GRB pale atainunua kwa mtu aliyeko nchini, na itakuwa imeshapita mikononi mwa vijana kadhaa. Tanzania unaweza kuagiza ya zamani, lakini inaingia na ushuru wa uchakavu, na kwa gari la miaka 20 kodi inaweza kukushangaza kuliko bei ya gari. Piga hesabu kwenye kikokotoo cha TRA kabla hujamtumia wakala hata shilingi.

Ushauri wangu kwa anayeanza ni GDA ya miaka ya mwisho au GH8, ya gia za mkono, ambayo haijaguswa. Iwe ya kuchosha kuitazama: rimu za kiwandani, eksozi ya kiwandani, viti vya kawaida. STI ina giaboksi ya gia 6 iliyo imara zaidi na breki bora, lakini kila spea yake inajua kwamba ni ya STI. VAG ni gari la mtu mwenye hela na utulivu. Zile Legacy za turbo mbili, BE5 na BH5, zina msitu wa vipaipu vya vakyumu ambao mafundi wengi hawaujui. Hata zikiuzwa bei ya bure, ziache.

Hatua ya pili: gawanya hela kabla hujanunua

Ukiwa na milioni 20, tafuta gari la milioni 15. Ile robo iliyobaki ni ya sevisi ya kwanza, tairi, na kitu kimoja usichokitarajia, maana hakikosekani. Anayebaki na sifuri baada ya kununua ataahirisha mkanda wa taiming, na hapo ndipo habari inapoishia.

Mafuta: mjini tegemea kilomita 6 hadi 8 kwa lita, safari ndefu 9 hadi 11 ukiwa mpole. Muuzaji akikwambia 14, mwulize alilivuta kwa kamba wapi. Bima iwe kubwa, na kama gari lina kitu kilichobadilishwa, kiandikwe kwenye fomu, kwa sababu siku ya ajali mkaguzi atakiona. Vioo vya pembeni na taa za gari hizi vina wapenzi wengi wa usiku, hivyo chora namba ya gari kwenye kila kioo kabla hujalilaza nje.

Hatua ya tatu: likague likiwa baridi

Kama unaagiza Japani, omba karatasi ya mnada yenyewe, siyo tafsiri ya wakala. Alama 4 na 4.5 ni gari zuri, 3.5 lina mikwaruzo ya kuishi, R au RA limewahi kugongwa na kutengenezwa. Kwenye mchoro wa bodi, A ni mkwaruzo, U ni kubonyea, W ni sehemu iliyonyooshwa na kupakwa rangi, XX ni paneli iliyobadilishwa. R yenye XX kwenye boneti na fenda ya mbele inamaanisha rejeta na nguzo za mbele huenda zilipigwa. Kwa gari la kawaida ningefikiria. Kwa hili, hapana.

Kama gari liko hapa, mwambie muuzaji asiliwashe kabla hujafika. Ukifika, shika paipu la juu la rejeta. Likiwa la moto, mtu alikuwa anaficha kitu, na una haki ya kurudi kesho. Likiwa baridi, anza na stiki ya oili, kisha washa na usikilize ukiwa umesimama mbele, boneti wazi, redio imezimwa, muuzaji amenyamaza. Mlio mwepesi wa kugonga unaosikika asubuhi na kupotea injini inapopata joto mara nyingi ni pistoni inayocheza kidogo, na injini nyingi za EJ zinaishi nao miaka. Unaotisha ni ule unaozidi kadiri oili inavyopata joto. Pandisha taratibu hadi mizunguko 2,500 au 3,000, achia, sikiliza inaposhuka. Ukisikia kama kuna nyundo ndogo chini ya injini, beringi za koni rodi zimeanza kwenda. Mtaani wanasema imenoki. Funga boneti, sema asante, ondoka.

Moshi wa bluu ni oili inaungua. Mweupe mzito wenye harufu ya utamutamu ni kulanti, maji ya kupoza injini. Mvuke mwepesi wa asubuhi hauna neno.

Kuhusu sauti, mngurumo maarufu hutoka kwenye manifoldi ya eksozi yenye mikono isiyolingana urefu. STI nyingi za Japani tangu miaka ya mwanzo ya 2000, pamoja na VAG, zina mikono inayolingana, kwa hiyo hazingurumi hivyo. Nimeona watu wakikataa gari zima kwa sababu liko kimya, kisha wakanunua bovu lenye sauti.

Baada ya hapo liendeshe. Weka gia ya 5 ukiwa kwenye kilomita 60 kwa saa, kanyaga: mizunguko ikipanda bila spidi kupanda, klachi inateleza. Sikiliza gia ya 1 na ya 2 kwenye giaboksi za gia 5, maana hapo ndipo waliokuwa wanaondoka kwa fujo kwenye taa walipokuwa wanasaga meno. Kisha tafuta uwanja mpana, kata stelingi mpaka mwisho, zunguka polepole sana. Gari likishikwa na kuruka-ruka kama linakataa kuzunguka, ama tairi zake hazilingani au kapulingi iliyo kwenye difu ya katikati imekufa.

Mwisho lipa vipimo viwili. Cha kwanza ni kompreshoni, yaani nguvu ya kubana hewa, ya silinda zote nne, namba zikaribiane. Cha pili wengi hawakijui: chomeka kisomaji chenye programu inayoijua Subaru, tafuta thamani inayoitwa IAM. Ndiyo imani ya kompyuta ya injini juu ya petroli na hali ya injini. Inatakiwa isomeke 1.0, au 16 kwenye kompyuta za zamani. Ikiwa imeshuka, kompyuta imekuwa ikisikia milipuko isiyo ya wakati wake ndani ya silinda na imerudisha taiming nyuma kujiokoa. Muuzaji akikuzuia kuchomeka kisomaji, ameshakujibu.

Hatua ya nne: sevisi ya kwanza, hata kama "imeshafanywa"

Usiamini maneno. Amini stika. Mafundi wa Japani wakibadilisha mkanda wa taiming hubandika stika ndani ya boneti, mara nyingi juu ya kava la mkanda, yenye tarehe na kilomita. Kama stika haipo na gari limekaribia au kupita kilomita 100,000, hesabu kwamba mkanda ni wa kiwandani. Kwenye EJ mkanda ukikatika valvu hukutana na pistoni, na kutoka hapo unazungumzia injini nyingine. Nunua seti nzima: mkanda, rola zote, tensha, na pampu ya maji. Kubadilisha mkanda peke yake na kuacha rola za zamani ni kuweka akiba mahali pabaya, kwa sababu rola ikishika inautupa mkanda mpya vilevile.

Oili ya injini, filta, oili ya giaboksi, oili ya difu ya nyuma, kulanti, mafuta ya breki, plagi, filta ya hewa: vyote vipya siku hiyo hiyo, na uandike kilomita kwenye daftari. Kwenye WRX ya gia za mkono, giaboksi na difu ya mbele vinatumia oili moja, aina ya 75W-90 ya daraja la GL-5, lita tatu na nusu hivi kwa gia 5. Difu ya nyuma ina yake, kama lita moja. VAG inataka mafuta ya CVT yaliyotajwa na kiwanda na si mengine.

Simama hapo hapo gereji wakati oili inamwagwa. Fundi asiyezoea Subaru hulala chini, akaona nati, akaifungua, kumbe ni ya giaboksi. Halafu anamimina oili mpya juu kwenye injini. Gari linatoka likiwa na injini iliyojaa mara mbili na giaboksi kavu, na hakuna taa yoyote itakayowaka kukuonya kuhusu giaboksi. Nati ya injini iko mbele, kwenye sampu, chini kabisa ya injini. Kinachotoka kikiwa chepesi na cheusi, ni sawa. Kikiwa kizito, cha rangi safi, na kinanuka salfa, mwambie airudishe nati haraka.

Filta ya oili ya zamani usiitupe. Ichane kopo lake, toa karatasi iliyojikunja ndani, ifungue juani na uipitishe mbele ya macho taratibu. Weusi ni kawaida. Chembechembe zinazometa rangi ya shaba ni beringi zinaliwa. Hiki ndicho kipimo cha bei rahisi kuliko vyote na sijui kwa nini hakifanywi kila sevisi.

EJ za miaka ya baadaye zenye mfumo wa AVCS, unaobadilisha muda wa kufunguka kwa valvu, zina vichujio vidogo vya wavu ndani ya boliti za mirija ya oili, pamoja na ule unaolisha turbo. Oili ikichelewa kubadilishwa, vinaziba, turbo inakosa oili, inakatika shafti, na vipande vyake vinaingia kwenye injini. Mwambie fundi avifungue na kuvisafisha au kuvibadilisha, halafu usimruhusu akurudishie kilichochanika.

Kulanti ijazwe kwa subira. Injini iliyolala hushika hewa kwa urahisi: jaza polepole, washa hita ya ndani kwenye moto wa mwisho, acha injini ipate joto mpaka feni zizunguke na mapovu yaishe, zima, ngoja ipoe, ongeza. Fundi anayemaliza kazi hii ndani ya dakika 10 amekuachia puto la hewa karibu na silinda hedi.

Hatua ya tano: stiki ya oili ndiyo dashibodi yako

Angalia oili kila unapojaza mafuta. Si kila mwezi, si kabla ya safari tu. EJ yenye turbo inaweza kula oili kidogo na ikaendelea kukimbia vizuri kabisa mpaka dakika inayokata. Kati ya alama ya chini na ya juu kwenye stiki ni kama lita moja, na injini nzima inabeba lita 4 na kidogo, kwa hiyo ukiwa kwenye alama ya chini umeshapoteza karibu robo. Sasa ingia kwenye kona ndefu kwa spidi: oili inakimbilia upande mmoja, pampu inavuta hewa, beringi zinazunguka kavu. Hivyo ndivyo injini nyingi zinavyonoki kwenye barabara nzuri, dereva akiwa anacheka.

Pima gari likiwa limesimama tambarare na injini imezimwa dakika kadhaa, kwa sababu oili ya pande zote mbili inachukua muda kushuka. Stiki ya EJ husema uongo upande mmoja; ifute, irudishe, itoe tena, na usome upande unaoonyesha chini zaidi.

Badilisha kila kilomita 5,000 au miezi 6, kinachotangulia. Oili iwe sinthetiki kamili, 5W-30 au 5W-40. Kwa joto la Dar, Tanga au Mombasa mimi napendelea 5W-40 kwenye EJ. Nunua kwa wakala unayemjua. Makopo ya majina makubwa yaliyojazwa tena yako mengi.

Filta ya hewa nayo ina maisha mafupi huku. Vumbi jekundu la Arusha au Dodoma ni mchanga mwembamba, na mapanga ya turbo yanazunguka kwa kasi ya ajabu. Karatasi ya kiwandani inazuia vumbi vizuri kuliko zile koni za kufunga kwa klipu zinazopiga kelele. Ikague kila sevisi, ibadilishe bila kuihurumia.

Hatua ya sita: kuendesha

Ukiwasha asubuhi, usisubiri dakika 15 ikiunguruma majirani wakilalamika. Ondoka baada ya nusu dakika, polepole, chini ya mizunguko 3,000, turbo isiombwe kitu. Sindano ya joto la maji ikifika katikati, oili bado iko nyuma. Ipe dakika tano hadi kumi zaidi.

Usikanyage mpaka mwisho ukiwa gia ya 5 na mizunguko 1,800. Hapo turbo inajaza silinda wakati injini inazunguka polepole, joto na shinikizo vinapanda, na FA20 hasa haipendi kabisa mzigo wa namna hiyo. Shuka gia mbili, ndipo ukanyage. Injini hii inapenda kuzunguka.

Baada ya safari ya mbio au mlima mrefu, kilomita mbili za mwisho ziwe za polepole. Ukifanya hivyo huhitaji kile kifaa cha kuchelewesha kuzima. Ukilazimika kusimama ghafla baada ya kulipandisha gari kwa nguvu, acha lingurume dakika moja au mbili kabla ya kuzima, ili oili iliyo ndani ya turbo isiungulie pale pale.

Kuhusu magurudumu manne: yanakusaidia kuondoka. Kwenye tope, kwenye lami yenye maji, kwenye changarawe ukitoka kwenye kona, utaona maajabu. Hayakusaidii kusimama. Breki ni kazi ya tairi na umbali, na WRX kwenye mvua husimama kama gari lolote lenye uzito wake. Hatari yake ni kwamba gari halikuonyi: lingine lingeteleza mapema wakati wa kukanyaga na kukutisha, hili linakupeleka mpaka spidi kubwa likiwa limetulia, halafu kona inakuja. Punguza spidi ukiwa umenyooka, ingia kona taratibu, kanyaga unapoona mwisho wa kona. Pua ikianza kukimbilia nje, punguza mafuta kidogo kidogo na ulegeze stelingi. Kuongeza mafuta ukitegemea magurudumu manne yakuvute kunakupeleka mtaroni.

Nafasi ya chini ni kama sentimita 15. Matuta yetu mengi ni marefu kuliko hayo katikati, basi yapande kwa kukatisha, gurudumu moja moja. Weka kinga ya chuma chini ya sampu kama unapita barabara za vumbi. Na wengi wanadhani lile tundu la boneti ni pua ya injini. Linapeleka hewa kwenye intakula tu, kile kipoza cha hewa ya turbo. Injini inavuta hewa yake mbele karibu na taa, na ndiyo maana kuingia kwenye maji ya bonde la Jangwani, Dar, wakati wa mafuriko ni kuua injini hata kama tundu la juu liko kavu. Maji yakifika kwenye bampa, geuza.

Gari za Japani zimefungwa zisizidi kilomita 180 kwa saa, jambo ambalo halina maana yoyote kati ya Chalinze na Segera, ambako kila kijiji ni 50 na tochi iko nyuma ya mti. WRX kwenye gia ya 6, au hata ya 5, haikwambii umefika 70. Tazama mita.

Petroli: kompyuta za EJ20 ya STI zilipangwa kwa petroli ya haioku ya Japani, ambayo kwenye pampu huwa karibu oktani 100. Yetu haifiki huko. Jaza ya daraja la juu kabisa inayopatikana kwenye kituo chenye wateja wengi, na ukilazimika kujaza ya kawaida kijijini, endesha kistaarabu mpaka tangi liishe.

Hatua ya saba: tairi nne, siyo mbili

Mfumo wa magurudumu manne unataka tairi zote nne zifanane: saizi moja, muundo mmoja, na uchakavu unaokaribiana. Subaru inataka tofauti ya mzingo isizidi milimita 6. Ukivaa mbili mpya mbele na mbili zilizoisha nyuma, difu ya katikati inafanya kazi kila sekunde hata kwenye barabara iliyonyooka, inapata joto, inakufa. Tairi moja ikipasuka na zilizobaki zimekwisha nusu, ama nunua nne au tafuta ya mtumba iliyochakaa sawa. Soma tarakimu 4 za mwisho ubavuni: mbili za kwanza ni wiki, mbili za mwisho ni mwaka. Mitumba mingi ina kashata nzuri na mpira uliokufa zamani.

Kabla hujanunua rimu, jua matundu. WRX za GDA na GH8 ni 5x100, yaani matundu matano kwenye duara la kipenyo cha milimita 100. STI ni 5x100 mpaka 2004, kisha 5x114.3. Duka litakwambia "zinaingia tu", usikubali.

Hatua ya nane: kabla hujaongeza nguvu

Bomba la eksozi la mwisho, lile la nyuma kabisa, halina madhara zaidi ya majirani na trafiki. Kuanzia hapo kwenda mbele, kila kitu kinabadilisha mtiririko wa hewa, na kompyuta inatakiwa ipangwe upya. Mtu akifunga dampo paipu, lile bomba linalotoka kwenye turbo, bila kupanga kompyuta, presha ya turbo hupanda kupita kiwango na petroli haitoshi. Silinda inapata moto, pistoni inatoboka.

Anayekuuzia programu moja kwa gari zote kutoka kwenye laptopu, dakika 20, bila kipimo cha mchanganyiko wa hewa na petroli kwenye eksozi, hajui anachofanya. Mpangaji wa kweli ataanza kwa kukuuliza kompreshoni, atarekodi data barabarani au kwenye mashine ya kupimia, na atakukataza mambo. Kabla yake, hela ya kwanza iende kwenye mita ya joto na presha ya oili, mistari mizuri ya breki na pedi. Vali za kupumulia nje, zile za "pshhh", huvuruga hesabu ya sensa ya hewa iliyokwisha kuhesabu hewa hiyo. Rudisha ya kiwandani.

Likikuishia njiani

Taa ya oili ikiwaka, zima injini pale pale, hata kama uko katikati ya daladala mbili. Usilifikishe kituoni. Sindano ya joto ikipanda, zima AC, fungua hita yote, egesha. Usifungue kifuniko cha kulanti kabla injini haijapoa kabisa. Taa ya injini ikimeta badala ya kuwaka tu, kuna silinda inakosa moto. Endesha polepole mpaka karibu, si zaidi.

Na ukimwita wa kuvuta gari, mwambie mapema aje na lori la kubeba gari zima. Kulivuta WRX huku magurudumu mawili yakizunguka chini kunachemsha difu ya katikati ndani ya kilomita chache. Dereva atasema amevuta Subaru nyingi hivyo. Zipo, nenda kaziulizie kwa fundi wa giaboksi.